Habu ya Kwenda kwa Wakwe

Siku niliyowaachia vijana kibanda, mmoja wao, yule mwenye mdomo, aliniuliza mbele ya wateja: "Mzee, kwani maisha yako yote ulikuwa unapaka grisi tu?" Wakacheka. Nikacheka pia, kwa sababu ni kweli tupu. Kuna watu waliozaliwa waongoze kwaya na wengine waongoze nchi, mimi nilizaliwa niwe na kucha nyeusi. Mke wangu alinikubali nazo na nadhani atanizika nazo. Lakini tangu nistaafu nimekuwa nikikaa jikoni nikimwelekeza namna ya kuteleka sufuria, naye ameniambia wazi nijitafutie kalamu kabla hajanitafutia pa kwenda. Kwa hivyo naandika.

Sitawachosha na habari za mshahara. Mshahara wa fundi baiskeli ukiuandika, karatasi yenyewe inaona haya. Cheo nilichopata ni kuitwa Fundi, nikakaa nacho mpaka mwisho. Ninachotaka kuwaambia ni habari za habu, maana nimeona mnavyozifunga siku hizi. Mnakaza, mnazungusha kidogo, mnampa mtu baiskeli yake, "Boss, iko sawa," na kabla hajafika kule Bahati gurudumu linalia kama paka aliyefungiwa stoo. Habu ndicho kile kitovu cha gurudumu, hapo spoki zote zinapoanzia, na ndani yake ndimo gololi zinamokimbia. Mtu akija kununua baiskeli huangalia rangi, akapiga kengele, akakikalia kiti. Habu haiangalii hata kidogo. Mimi pia sikuwa naiangalia mpaka nilipotua mikononi mwa Mistri Jivan.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Nakuru, katika duka moja nyuma ya bazari. Mistri Jivan alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa spoki. Hakuwa mwenye duka. Mwenye duka alikuwa shemeji yake, aliyekaa mbele akiuza, na wawili hao hawakuongea ila ilipobidi. Asubuhi yangu ya kwanza nilikwenda na shati jeupe, kwa sababu mama yangu alikuwa na imani kwamba kazi ya mjini ni kazi ya shati jeupe. Mistri alinitazama kuanzia kola mpaka mkanda.

"Hii shati ya kanisa?"

"Ndiyo, Mistri."

"Basi Jumapili Mungu ataona wewe na shati ingine."

Akanisukumia debe la mafuta ya taa lililojaa habu chafu, akaniambia nioshe. Kufika jioni shati lilikuwa na rangi ya barabara ya Njoro. Mama alipoliona alishika tama, akauliza kama nimepigana na treni.

Katika kuosha huko ndipo nilipojifunza kitu cha kwanza, kwamba habu haijui kusema uongo. Waliotoka Gilgil walileta vumbi jeupe, laini kama unga wa watoto, lililoingia hata pale grisi isipoingia. Waliopita karibu na ziwa walileta magadi na kutu. Waliotoka Kuresoi na mashamba ya viazi ya juu kule walileta udongo mzito unaonata. Mistri alifungua habu, akatia kidole, akakisugua na dole gumba, kisha akakwambia umetoka wapi. Siku moja akaja bwana mmoja na mkewe, habu inalia. Mistri akafungua, akatia kidole, akasema kwa roho safi, "Ee, wewe natoka Kuresoi." Mke akamgeukia mumewe: "Kuresoi? Si uliniambia ulikuwa Gilgil kwa mjomba?" Yule bwana akatoa macho. Sisi tukainama wote, tukatafuta gololi zilizokuwa hazijapotea. Tangu siku hiyo wanaume kadhaa wa mtaani walileta habu zao wakiwa peke yao.

Kitu cha pili ni bisibisi. Mistri akitaka kujua afya ya habu, aliuma mpini wa bisibisi kwa meno, akagusisha ncha kwenye ekseli, kisha akalizungusha gurudumu na kufumba macho. Sauti ya gololi hupanda kwenye chuma, ikaingia kwenye taya, ikafika sikioni bila kupitia hewani. Gololi moja iliyopasuka aliisikia kati ya wenzake wote. Mara ya kwanza kujaribu nilisikia tumbo langu tu, lilikuwa na njaa. Lakini endeleeni kujaribu, itakuja. Na muoshe mpini kwanza, mimi niliugua.

Wateja wetu nao walichagua habu kwa masikio, ila kwa namna yao. Walitaka friwili inayolia, ile gia ya nyuma inayoliacha gurudumu likimbie pedali zikiwa zimetulia. Mtu alizungusha gurudumu, akatega sikio, na kama ile tiki-tiki-tiki haikusikika mpaka barabarani alisema haifai. Pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari, mwanamume akirudi kazini alitaka mstari mzima ujue ni yeye amefika na baiskeli ni yake. Tuliwaambia kwamba friwili inayopiga kelele kuliko wenzake mara nyingi imekauka mafuta. Wakatuambia tuache wivu.

Sasa, ndani ya biashara hiyo ndimo alimoingia Shem.

Shem alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu upande wa Milimani. Mtu wa Maragoli kama mimi, mpole, mnene kiasi, mwenye mikono iliyonukia vitunguu hata akienda kanisani. Alikuja dukani akiwa amevua kofia, kama mtu aliyekuja kuomba maji. Alikuwa anataka kumwoa Tabitha, msichana wa kwetu aliyewahi kuja Nakuru kumtembelea shangazi yake landhi, na ambaye alimwambia Shem bila kuzungukazunguka: "Mimi nakutaka wewe. Lakini sitakaa kwa baba nikimlilia mtu asiyefika."

Shida ilikuwa kufika. Babake Tabitha, Mzee Alusa, alikuwa amekwenda vita vya Burma, akapeleka barua za jeshi kwa baiskeli, akarudi na kikohozi na maoni mengi sana juu ya baiskeli. Mkwe wake wa kwanza alimletea baiskeli mpya kwa treni, imefungwa karatasi kama keki, na habu yake ikafa kabla nyama ya harusi haijaisha. Mzee akaapa. Mkwe wa pili ataleta baiskeli pamoja na ng'ombe, ndiyo, lakini itoke Nakuru ikitembea yenyewe, ije na matope yake, na gurudumu la nyuma atalizungusha yeye mwenyewe mbele ya wazee.

Hayo yalikuwa ya baba. Mama naye alikuwa na lake. Aliposikia kwamba anayeposa ni mpishi, alisema hajapata kuona mwanamume anayepika, na nani anajua huwa anapika nini huko kwa Wazungu. Basi alete samli aliyoitengeneza kwa mikono yake, aionje. Bila samli binti hatoki.

Na nyuma ya wote hao alikuwapo karani wa chifu, mtu wa soksi ndefu, aliyekuwa akisubiri tu Shem ashindwe. Wazee walikuwa wamepanga kukaa Jumamosi. Shem asipofika Jumamosi na gurudumu linalozunguka na samli inayolika, karani ataitwa na mambo ya Tabitha yatakwisha hapo.

"Kwa hivyo nataka habu," Shem alimwambia Mistri. "Habu ya kunifikisha."

Mistri akaweka habu mezani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegawa karata. Shem akaidaka ile inayong'aa.

"Hii ya gia tatu. Yule karani anayo."

"Karani naendesha wapi?"

"Kutoka kwake mpaka ofisi ya chifu."

"Basi hiyo si gia," Mistri akasema. "Hiyo ni pete."

Akamfungulia aone. Habu ya gia tatu ndani yake ni kama saa: magurudumu madogo, springi nyembamba kama unywele, na kijicheni kinachotokea kwenye ekseli kwenda kubadilishia gia. Ni kazi nzuri sana ya mikono ya watu. Lakini hicho kijicheni kikikatika Londiani, unabaki na gia moja, na kwa kawaida ni ile usiyoitaka, na mtu wa karibu anayejua kukitengeneza ni mimi, nami niko Nakuru nakunywa chai.

Habu ya pili ilikuwa ya kawaida, ya friwili, breki zake ni zile za fimbo zinazobana raba kwenye ringi. Hiyo nimeisifu miaka yote na bado naisifu, ukiwa unasafiri kiangazi. Lakini ilikuwa masika. Kutoka Molo kwenda mbele barabara ilikuwa uji mwekundu wenye changarawe, na changarawe hiyo hula raba za breki kama mchwa. Ringi ikilowa, breki hiyo haikusimamishi. Inakushauri tu.

Ya tatu ilikuwa nzito, pana, yenye sura mbaya. Breki yake iko tumboni: ukirudisha pedali nyuma, vyuma vya ndani vinapanuka na kuishika habu. Matope hayaijui, mvua haiijui. Mistri akaishika kwa mikono miwili.

"Hii iko nzuri. Lakini hii nakula joto. Ndani iko grisi, na breki nachoma grisi. Wewe shuka kidogo, simama. Kojoa. Tazama ng'ombe ya watu. Shuka tena. Kama moshi natoka, basi wewe nachelewa."

"Nitasimama," Shem akasema.

"Wote nasema hivyo," Mistri akanung'unika, akaanza kuchagua spoki.

Lile gurudumu tulilisuka pamoja, yeye upande mmoja na mimi wa pili. Alizigusa spoki kwa ukucha kama mpiga zeze, na ile iliyotoa sauti ya chini aliikaza robo, akasikiliza tena. Alipomaliza, aliuma bisibisi yake, akafumba macho muda mrefu, akatabasamu. Kisha akaniambia nijiandae. "Wewe nenda na yeye. Habu yangu hapana kwenda peke yake." Shemeji yake akalalamika kwamba duka litabaki bila mtu. Mistri akamjibu kwa Kihindi, neno moja, na sijawahi kupata mtu wa kunitafsiria.

Tukaondoka Alhamisi asubuhi. Mimi niliendesha baiskeli kuukuu ya duka, mfukoni nina spana nyembamba ya koni, zile nati zinazobana gololi, ambayo Mistri aliichonga kwa tupa kutoka springi ya lori, na kikopo cha grisi. Shem alibeba blanketi, suruali ya suti, na kopo la samli lililofungwa kwenye keria kwa mikanda ya tyubu. Samli hiyo aliichemsha kwa moto mdogo siku nzima kutoka malai ya ng'ombe wa bosi wake, akiitoa povu kijiko kwa kijiko, mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kwa nini jikoni kunanukia Krismasi.

Siku zile za hali ya hatari hukuweza kwenda mbali bila kusimamishwa. Karibu na Molo askari walikuwa wameweka mti barabarani.

"Mnaenda wapi?"

"Kwa wakwe, afande."

"Na hilo kopo?"

"Samli ya mama mkwe."

"Fungua." Askari akainama, akanusa, akafumba macho. Akanusa tena. "Funga," akasema. "Pita haraka, kabla sijaenda kuoa mimi."

Kupanda mpaka Mau Summit sina la kusifu. Tulisukuma zaidi ya kuendesha. Ukungu ulikuwa mzito hata nikawa naongea na Shem kumbe naongea na kisiki. Tulilala Londiani kwa binamu yangu wa reli. Ijumaa mvua ikashuka kana kwamba imelipwa, daraja dogo likafunikwa na maji, tukasimama ng'ambo tukitazamana na ng'ambo ya pili mpaka mchana ukatuponyoka. Maji yalipopungua Shem hakuwa tena yule Shem mpole. Alikuwa anaona Jumamosi tu.

Na mbele yetu ndipo bonde linapofunguka. Mnaojua ile njia ya kutoka Londiani kuteremka kuelekea Muhoroni mnaelewa. Nikamwambia, "Shem, kumbuka, kidogo kidogo." Akasema ndiyo. Kisha akaenda. Alishuka amerudisha pedali nyuma muda wote, hakuachia, hakusimama, hakukojoa, hakutazama ng'ombe ya mtu yeyote. Nikaona moshi wa buluu unatoka nyuma yake. Nikapiga kelele. Habu ikalia, sauti ya nguruwe, halafu ikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kubaya. Pedali zilikuwa zinarudi nyuma bila kushika kitu. Shem akaita jina la Tabitha, akaingia kwenye ua wa mikonge ya mtu.

Alikuwa mzima, amechomwa na miiba tu, na mingine tuliitoa sehemu ambazo sitazitaja. Nikatema mate kwenye habu, yakachemka. Tulipofungua, grisi ya Mistri Jivan ilikuwa imekuwa lami. Nikaifuta kwa majani, nikapaka grisi yote iliyokuwa kwenye kikopo changu, nikafunga, nikamwapisha. Akaapa. Na mteremko uliofuata, kwa sababu jua lilikuwa linakwenda na Jumamosi inakuja, akafanya vilevile. Sasa grisi haikuwapo tena, na habu ilisaga kama jiwe la kusagia wimbi. Vijana, mtu ambaye mchumba wake huenda akachukuliwa kesho hapoi, na habu yake haipoi. Mkimfungia breki ya tumboni, mjue hilo.

Tukakaa kando ya barabara. Shem akatazama baiskeli. Kisha akatazama kopo.

"Hapana," nikasema.

"Ni mafuta."

"Ni mafuta ya mama mkwe wako."

"Najua ni ya nani, Enos! Nimeyapika mimi." Akakaa chini kwenye majani mabichi. "Nikisukuma, nitafika Jumatatu. Nikiendesha hivi, Mzee atazungusha gurudumu asikie kokoto. Nikitia samli, mama atakosa ya kuonja. Nikimpendeza huyu, yule ananifukuza. Na karani yuko kwake sasa hivi, anavuta soksi."

Nilikuwa na uchungu, kwa sababu nilimpenda yule mtu, na fundi hapendi kuona kazi nzuri ikifia njiani. Kisha Shem akafungua kopo mwenyewe, akanipa kijiko.

Hatukuwa na mafuta ya taa, kwa hivyo samli ya kwanza ilikwenda katika kuosha ile lami. Ya pili tukaijaza ndani, gololi zikazama humo zikang'aa. Nikafunga koni kwa spana ya Mistri. Gurudumu likazunguka bila neno. Lakini samli si grisi, ikipata moto inakuwa maji. Kila tuliposimama, na safari hii tulisimama kweli kila mahali, ilikuwa imevuja kwenye spoki, tukajaza tena. Tulipofika tambarare ya Muhoroni kopo lilikuwa jeupe ndani. Shem alilifunga kwenye keria hivyohivyo, tupu, kwa mikanda ileile.

Tukaingia Maragoli Jumamosi, jua likiwa juu. Hatukuingia peke yetu. Mbwa wa kila boma tulilopita walitufuata, pua hewani, na mmoja mwekundu alikimbia ubavuni mwa Shem akilamba spoki kila tulipopunguza mwendo. Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Mzee Alusa. Tukasema "Mirembe", wakaitikia, macho yao yakiwa kwa mbwa.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawasemezani moja kwa moja. Kwa hivyo Shem alisimamishwa upande wa mbele, mama yuko nyuma, kwenye nyumba ya jikoni, na mimi nikawekwa katikati nibebe maneno. Tabitha alikuwa mlangoni pa jikoni. Alipomwona Shem, na miiba, na matope, aliuma khanga yake asicheke. Au asilie, sijui.

Mzee Alusa hakusalimia sana. Aliinua baiskeli kwa kiti, akalizungusha gurudumu la nyuma. Likazunguka. Likazunguka, likazunguka, kimya kabisa, mpaka wazee wakaanza kutazamana. Akarudisha pedali, habu ikashika mara moja. Akagusa ekseli, akanusa vidole. Akanusa tena.

"Hii ni grisi ya wapi?"

Shem angeweza kusema ni ya duka. Nilimwombea aseme ni ya duka.

"Ni samli, Baba."

"Samli ya nani?"

Hata mbwa walikaa kusikiliza.

"Ya mama."

"Nimesikia!" ikatoka sauti jikoni. "Enos! Mwulize huyo mtu, samli yangu iko wapi?"

Shem yuko hatua chache kutoka kwangu, anasikia kila neno. Lakini desturi ni desturi. "Mama anauliza samli yake iko wapi."

"Mwambie iko ndani ya habu."

"Mama, anasema iko ndani ya habu."

"Habu ni chombo gani?"

"Ni… katikati ya gurudumu, Mama."

"Mwambie mimi silambi gurudumu!"

Mzee mmoja akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Mzee Alusa yeye hakucheka. Akamtazama Shem, akasema polepole, na huruma ilikuwamo, "Kijana, gurudumu lako nimelikubali. Lakini nyumba hii ina watu wawili."

Shem akainamisha kichwa. Ndipo Tabitha akatoka. Alipita mbele ya wazee wote bila kuomba ruhusa, akashika usukani, akaisukuma baiskeli kuzunguka nyumba mpaka jikoni kwa mamake. Mbwa mwekundu akamfuata. Tukabaki mbele tukitazama ukuta wa udongo kama watu waliofika kuusifu.

Tulisikia gurudumu likizungushwa. Tukasikia kijiko kikikwaruza chuma. Tukasikia mbwa akipigwa teke.

"Enos," mama akaita. Sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mama."

"Usimwambie huyo. Waambie wazee wote wasikie. Hii imefungiwa ndani ya chuma, ikapikwa tena mlimani na watu wasio na akili, na bado haikuungua. Nimenusa, nimeonja kidogo pale penye weupe. Haikuungua. Anayepika kwa haraka huacha maji ndani, samli ikipata moto inanuka. Huyu alikaa nayo. Mkimwona yule karani, mwambieni apumzike."

Shem akaweka kofia usoni akalia, mbele ya wazee, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilijishughulisha na spoki ambayo haikuwa na shida yoyote.

Mzee Alusa akasubiri amalize. Kisha akasema baiskeli ni yake tangu sasa, ng'ombe watazungumzwa wakishakula, na maarusi watarudi Nakuru kwa treni.

"Kwa treni, Baba?" Shem akauliza, macho mekundu.

"Kwa treni. Unafikiri nitamtuma binti yangu kwenye milima ile na mtu asiyejua kusimama? Jikoni una subira, mwanangu. Mlimani huna hata chembe."

"Ya mlimani," Tabitha akasema kutoka nyuma ya nyumba, "nitamfundisha mimi."